Shajara ya Taa Mbili

Jumapili, 28 Septemba

Nimefika nyumbani Tabata saa tano usiku badala ya saa moja jioni. Mjomba wa Korogwe hakuniruhusu kuondoka bila kula, na wali ulichelewa kuiva. Giza likanikuta kabla ya Daraja la Wami.

Nilipovuka daraja kuelekea Chalinze, mbele yangu palikuwa na doa la mwanga lenye rangi ya chai, na baada ya hapo giza tupu. Nilikuwa nimewasha taa kubwa. Kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli ya mkaa, magunia matatu, ukingoni mwa lami. Nilimwona akiwa karibu kiasi cha kuona kamba zilizofunga magunia. Nilikata usukani. Sikumgusa.

Nilisimama mbele nikarudi kwa miguu kumpa pole. Akaniwahi yeye: “Pole sana, mzee. Nilikuwa nakuona tangu mbali, nikadhani ni pikipiki ina taa mbovu.” Hakuwa na hasira. Alitaka tu nimsaidie kuinua baiskeli, kwa sababu alikuwa ameiangusha majanini. Tuliinua wawili, na ni nzito kuliko nilivyowahi kudhani. Mikono yangu bado inanuka mkaa.

Jumatatu, 29 Septemba

Asubuhi nimezitazama taa za gari kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Kila siku huwa napita mbele yake kwenda kufungua geti, na sikuwahi kuzitazama.

Ni Toyota Spacio ya 2004, ilitoka Japani ikiwa imeshatumika. Taa ya kulia ina rangi ya samli, na sehemu yake ya juu inabanduka magamba madogo kama ngozi iliyoungua jua. Ya kushoto ina ukungu, lakini haijafika huko. Nilijiuliza kwa nini, mpaka nikaona kivuli. Gari hulala likitazama geti, geti linatazama mashariki, na mwarobaini wa jirani hukinga upande wa kushoto. Upande wa kulia unapigwa na jua tangu linapochomoza.

Wote tunaita “kioo cha taa”. Nimekigonga kwa ukucha, kikalia ko, si ti. Ni plastiki. Peugeot 504 ya marehemu baba ilikuwa na kioo cha kweli. Kilivunjwa na mawe mara mbili ninazozikumbuka, lakini hakikufifia hata siku moja.

Nafundisha kemia kidato cha tatu, kwa hiyo leo nimeliingiza jambo hili darasani. Plastiki hii ni polikaboneti. Watu wawili waliivumbua mwaka mmoja, 1953, bila kushirikiana: Hermann Schnell wa Bayer, Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric, Marekani. Ni ngumu ajabu kuvunjika, ndiyo maana inafaa kupokea mawe ya barabarani. Udhaifu wake ni mionzi ya urujuanimno, ambayo huvunja molekuli zake na kuzipa rangi ya njano. Kwa sababu hiyo kiwandani huipaka utando mwembamba mgumu wa kuikinga. Utando ukishakufa, plastiki iko uchi.

Mwanafunzi wa dawati la nyuma akauliza: “Sasa mwalimu, ukiisugua utando ukatoka, si utakuwa umeiacha uchi kabisa?” Nikamwambia ndiyo, na kwamba hilo ndilo swali lenyewe. Kengele ikalia.

Jumatano, 1 Oktoba

Shemeji, ambaye anakaa kwetu akisubiri majibu ya kazi, ana uhakika na dawa ya meno. Tumetumia tyubu nzima, ile kubwa. Tumesugua kwa fulana ya zamani hadi mabega yakauma, tukasuuza, na taa ikawa nyeupe kweli. Mama watoto alitoka kutazama akasema imependeza.

Dawa ya meno ina chembe laini za kukwangua, na hivyo ndivyo inavyosafisha meno. Imekwangua uchafu wa juu wa plastiki kidogo sana. Ilipokauka vizuri, saa mbili baadaye, ukungu ulikuwa umerudi karibu wote. Watoto wamepiga mswaki kwa chumvi usiku huu. Mdogo amelia.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimerudi shuleni nikakuta taa zote mbili zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Shemeji amezipaka dawa ya kujipaka ya mbu. Anasema Kariakoo wanafanya hivyo wanapouza gari.

Naamini wanafanya. Dawa ile ina kemikali iitwayo DEET, na DEET huyeyusha plastiki nyingi. Uso uliokwaruzika unalainika, mikwaruzo inajifunga, na mwanga unapita. Mnunuzi akifika barabara kuu ameshalipa. Nimegusa kwa kidole: inanata. Hadi jioni vumbi la Tabata lilikuwa limeshika juu yake kama unga kwenye andazi bichi. Nimeosha kwa sabuni mara tatu. Alama ya kidole changu imebaki.

Shemeji nimemshukuru, maana alitaka kusaidia. Nimemwomba asipake kitu kingine bila kuniuliza.

Ijumaa, 3 Oktoba

Umeme umekatika saa moja na nusu. Nimeona nitumie giza. Nimeliegesha gari hatua tano kutoka ukuta wa nyumba, nikawasha taa za chini, nikachukua chaki kuchora pale mwanga unapoishia.

Taa nzima ina mpaka. Chini yake mwanga, juu yake giza, na kwa magari yetu ya kuendesha upande wa kushoto, mpaka huo unapanda kidogo upande wa kushoto ili uone ukingo wa barabara na anayetembea hapo. Nimesimama na chaki dakika kumi nikiutafuta. Haupo. Mwanga wote umetawanyika ukutani, hafifu kama wa chemli, na mwingine umepanda hadi kwenye vigae. Kwa hiyo siyo tu kwamba mimi sioni. Anayekuja mbele yangu nampiga machoni kwa kile kidogo nilicho nacho.

Nimeandika ukutani: “3/10, hakuna mpaka.” Mama watoto ameuliza ni nani aliyechorachora ukuta. Nimesema ni mimi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Gerezani, kwenye maduka ya spea. Bei ya jozi ya taa zilizotumika imezidi ada ya muhula ya mwanangu mkubwa. Zilikuwa zimetundikwa nje, juani, na nilipoisogelea moja nikaona njano imeshaanza kuingia juu yake.

Muuzaji akashauri ninunue balbu kali badala yake. “Mzee wangu, weka hizi, usiku unakuwa mchana.” Nimekataa. Ukungu uko mbele ya balbu. Ukiongeza moto nyuma yake, mwanga mwingi zaidi unatawanyika, anayekuja anaumia zaidi, na plastiki inazidi kupata joto. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuzia msasa wa maji: namba 400, 800, 1000 na 2000. Wa 2000 ulibaki karatasi moja, akaniongezea kipande kilichokatwa kutoka karatasi nyingine. “Huu nao ni huo huo.” Pia tepu ya karatasi, na kopo la klia ya kupuliza lenye kinga ya jua.

Jumapili, 5 Oktoba

Maji yamekatika. Msasa wa maji bila maji ni bure: ukisugua kavu, vumbi la plastiki linajazana kwenye karatasi na kuchimba mifereji.

Nimetumia muda huo kufunika bampa na fenda kwa tepu ya karatasi, nikabonyeza vizuri kwa kidole cha gumba. Saa kumi maji yalikuwa bado, nikaibandua nisije nikaisahau kwenye jua. Imebanduka na rangi ya bampa, kipande cha ukubwa wa noti ya elfu moja. Bampa hilo lilipigwa rangi upya mwaka juzi, na sasa najua fundi hakukwaruza rangi ya zamani kabla ya kupiga mpya. Rangi haishiki juu ya uso laini. Nimelikariri hilo kwa ajili ya klia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku yenyewe. Maji yapo, ndoo mbili zimejaa.

Katika juma hili jua hupita juu kabisa ya Dar es Salaam. Saa sita na dakika kama kumi mchana mlingoti wa kamba ya nguo haukuwa na kivuli. Mtoto wangu wa darasa la tano ameuzunguka mara mbili kukitafuta. Mara nyingine ni mwanzoni mwa Machi. Nimefikiria miaka yote ambayo taa hizi zimelitazama jua hilo.

Nilianza saa moja asubuhi kuliwahi, taa ya kulia kwanza. Msasa 400, umelowekwa robo saa hadi ukalegea, na tone la sabuni kwenye ndoo ili uteleze. Kushoto kulia, kushoto kulia, mkono bapa. Maji yaliyotoka mwanzoni yalikuwa ya njano, mazito kama uji wa ulezi uliozidishwa maziwa. Huo ndio utando wa kiwandani uliokufa. Nikifuta na kutazama kwa ubavu, naona visiwa: hapa umetoka, pale bado, na kila kisiwa kina ukingo wake. Mtu akianza na msasa laini kwa kuogopa kuharibu, visiwa vinabaki, na hakuna polishi itakayoviondoa. Inabidi kuendelea hadi maji yawe meupe matupu. Nilichukua dakika arobaini kwa taa moja.

Kisha taa haioni kabisa. Ni nyeupe kote, kama kioo cha dirisha la bafu. Mama watoto alipoleta chai akasimama akaitazama. “Baba Salma, umeiua.” Nikachukua kikombe cha maji nikaimwagia, na kwa muda maji yalipokuwa yakiteremka tuliiona balbu ndani, na kioo cha kuakisi nyuma yake, na nyaya zake. Maji yakaisha, ukungu ukarudi. Maji hujaza mikwaruzo, mwanga unanyooka. Nikamwomba amwagie tena. Akamwagia mwenyewe mara tatu.

Msasa 800 ukaenda juu chini, ili mikwaruzo ya 400 iliyolala ionekane na nijue imekwisha. Elfu moja, kushoto kulia. Kisha 2000, juu chini. Karatasi nzima niliitumia taa ya kulia, na ilitoka kama ngozi ya yai.

Ya kushoto niliifikisha 1000, nikachukua kile kipande nilichoongezewa. Msuguo wa kwanza ulitoa sauti tofauti, kama mtu anakuna sufuria. Nikaendelea mara nne au tano kabla mkono haujaelewa kile sikio lilichosikia. Kilikuwa msasa wa chini ya 400. Mifereji mitano ya mshazari, katikati kabisa ya taa, ukucha unakwama ndani. Nimerudi 400, na 800, na 1000. Saa moja na nusu. Wa 2000 nimemalizia kwa mabaki ya karatasi ya taa ya kulia, yakiwa yamechakaa.

Jumapili, 12 Oktoba

Kabla ya klia, uso lazima usiwe na mafuta, hata ya vidole. Spiriti ilikuwa imekwisha. Chupa ya tina ilikuwa stoo, imebaki robo. Nilichovya kona ya kitambaa nikapitisha kwenye pembe ya nje ya taa ya kushoto, mara moja tu.

Pembe imegeuka nyeupe, na ndani ya weupe pakatokea nyufa nyembamba sana, kama utando wa buibui. Haziko juu. Ziko ndani ya plastiki, na msasa hauzifikii. Polikaboneti haivumilii tina, na mimi nafundisha vimumunyisho kila muhula wa pili. Nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya adhana ya magharibi. Pembe ile itabaki hivyo maisha yote ya taa. Nashukuru iko mbali na njia ya mwanga.

Nimetembea hadi duka la dawa kununua spiriti. Dakika kumi kwenda, kumi kurudi.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikukuu ya Mwalimu Nyerere, shule imefungwa. Nimeamka mapema upepo wa bahari haujaanza, na nimewaomba watu wote wa ua wasifagie hadi saa tatu.

Spiriti, kitambaa safi, tepu mpya. Kopo la klia nimelitikisa dakika mbili nzima hadi gololi ndani ikalia vizuri. Umbali wa shubiri moja na kidogo, mpigo mmoja mwembamba unaoanza nje ya taa na kuishia nje ya taa. Mpigo wa kwanza ulionekana kama umande na haukufunika chochote. Nilingoja dakika kumi. Mpigo wa pili ukalowesha, na taa ikafunguka mbele ya macho yangu kutoka kushoto kwenda kulia, kadiri mkono ulivyopita. Ukungu ulikuwepo, halafu haukuwepo. Mikwaruzo yote ya 2000, niliyoisugua kwa saa nzima, ilijaa na kutoweka. Watoto walikuwa wamekaa kwenye ngazi. Hakuna aliyesema kitu.

Mpigo wa tatu wa taa ya kulia ulikuwa bado mbichi pale jani la mwarobaini lilipoanguka. Lilizunguka mara mbili hewani, nililiona, na mkono mmoja ulikuwa na kopo na mwingine kitambaa. Likatua bapa. Nililiinua kwa kibanio cha nyusi cha mama watoto kwa uangalifu wote nilio nao. Limeacha alama iliyopinda, urefu wa nyusi hasa.

Kibanio kimeshika klia. Nimekisafisha kwa tina, ambayo kwa chuma haina neno.

Jumatano, 15 Oktoba

Tepu ilipaswa kutolewa jana jioni klia ikiwa haijakomaa. Nimeitoa leo asubuhi, na ukingoni mwa taa ya kushoto imeondoka na uzi wa klia wa upana wa njiti ya kiberiti. Maji yataanzia hapo siku moja. Nimepitisha msasa kidogo na kuziba kwa brashi ya rangi ya mtoto.

Usiku, hatua tano kutoka ukutani, taa za chini. Mpaka upo. Umenyooka chini ya dirisha la sebuleni, unapanda kushoto na kuishia karibu na bomba la maji. Kwenye taa ya kulia, ile alama ya jani haionekani ukutani hata kidogo. Nimeuchora wote kwa chaki na kuandika tarehe.

AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima jambo hili mwaka 2018. Taa zilizofifia zilitoa kama asilimia 20 ya mwanga wa taa mpya, na zilizosuguliwa zikarudi hadi kama asilimia 70. Kwa hiyo sina taa mpya, na sitajidai kuwa nazo. Lakini najua vile asilimia 20 ilivyo, nilikuwa nayo pale Wami.

Alhamisi, 16 Oktoba

Asubuhi taa ya kushoto ilikuwa na matone ndani. Ndani, ambako sikugusa. Nimeizunguka mara kadhaa kabla sijafungua boneti: kifuniko cha mpira nyuma ya balbu kimekaa upande. Siku ya kusugua nilikisogeza kutazama nyaya, sikukirudisha sawasawa, na maji ya kuoshea yakaingia. Ukungu wa ndani hauna msasa. Nimekifungua na kuacha gari juani boneti wazi hadi adhuhuri.

Wakati wa kurudisha balbu niliishika kioo chake, na nilikuwa nimetoka kula vitumbua. Balbu ya haloji haitaki mafuta, hupata joto la ajabu pale yalipo na kufa mapema. Spiriti tena. Duka la dawa sasa wananifahamu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeanza kuegesha gari uso ukitazama ukutani, mgongo kwenye geti, ili taa zilale kivulini. Asubuhi nilipoliwasha kutoka kinyumenyume, mama watoto alikuwa anafua karibu na geti, na moshi wote ukaenda kwenye shuka zake nyeupe alizozianika alfajiri. Amezifua upya. Tumekubaliana kamba ya nguo ihamie upande wa mwarobaini, na nimeihamisha leo hii. Shemeji alinisaidia kuchimba shimo la mlingoti.

Jioni nilimpeleka shemeji Mlandizi kwa dada yake. Kurudi, baada ya kona moja isiyo na taa za barabarani, niliona kitu chekundu kidogo mbali upande wa kushoto. Kilikuwa kiakisio cha pedali, kinapanda na kushuka. Nilipunguza mwendo, nikashusha taa, na nilikuwa na muda wa kutosha kufanya yote mawili. Alikuwa mama mmoja na ndoo nyuma ya baiskeli.

Kwenye kalenda ya jikoni, ukurasa wa Machi, tarehe 4, nimeandika: kagua taa.

Kopo la klia limebaki nusu na kipulizio kimeziba. Nilisahau kuligeuza chini juu na kulisafisha mdomo.